Ruzuku sawa kwa kila mwanafunzi haitoshi

Mhariri,

Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya shule za msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, awe Oysterbay kwa wenye nacho au Mbagala kwa wanyonge. Hapo ndipo haki inapopotea. Shule yenye zamu mbili, asubuhi na mchana, hutumia madawati, vyoo na chaki maradufu, na wazazi wake hawana cha kuchangia.

Manispaa zianze kurekebisha hali hii kwa kugawa walimu upya, maana kuwahamisha ndani ya wilaya hakuhitaji ajira mpya. Ikama, yaani kiwango cha walimu kinachotakiwa, ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Ihesabiwe kwa kila darasa, kwani wastani wa shule huficha darasa la kwanza lililofurika. Idadi ihakikiwe tena Machi, wanafunzi wa kuhamia wakishatulia.

Mdau wa elimu,
Temeke, Dar es Salaam