Anayekwenda India aambiwe sheria ya pombe ya jimbo aendako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe mawakala wanaopeleka wanafunzi na wagonjwa India jambo ambalo mara nyingi hulisahau katika maelezo yao, nalo ni kwamba nchi ile haina sheria moja ya pombe. Katiba yao imeyaachia majimbo suala hilo, kwa hiyo kinywaji kinachouzwa waziwazi Goa kinaweza kumfikisha mtu mahakamani akiwa Gujarat.

Gujarat naitaja kwa makusudi, kwa kuwa wapo vijana wetu wanaosoma Ahmedabad, Vadodara na Rajkot. Jimbo hilo limepiga marufuku pombe tangu lilipoundwa mwaka 1960, na anayeadhibiwa si muuzaji peke yake, bali hata mnywaji na anayekutwa na chupa bila kibali. Mgeni kutoka nje huweza kuomba kibali, akanunua katika duka lililoidhinishwa na kunywa faragha. Lakini aliyezoea kukaa baa na wenzake jioni za mwisho wa wiki ajue mapema kuwa maisha hayo ameyaacha nyumbani. Bihar nayo ilifuata njia hiyo Aprili 2016.

Panapofungwa duka la halali, la magendo halikosi wateja. Julai 2022, katika wilaya ya Botad huko Gujarat, watu zaidi ya 40 walikufa baada ya kunywa pombe yenye methanoli, aina ya alkoholi iliyo sumu. Wala anayempeleka mgonjwa Chennai asijione yu salama kwa sababu tu Tamil Nadu ina maduka ya serikali yanayouza pombe kihalali, maana ni katika jimbo hilohilo, mjini Kallakurichi, ambako pombe haramu iliua watu zaidi ya 60 Juni 2024. Chupa isiyo na lebo ya kodi, hata ikitolewa na rafiki, ikataliwe.

Umri nao huwashangaza wengi. Kijana wa miaka 22, ambaye kwetu hakuna mhudumu wa kumuuliza kitu, haruhusiwi kuuziwa pombe Delhi, kwa kuwa huko umri ni miaka 25. Mumbai ni hivyohivyo kwa pombe kali. Tarehe 26 Januari, 15 Agosti na 2 Oktoba, ambayo ni siku ya kuzaliwa kwa Gandhi, maduka na baa hufungwa, na panapofanyika uchaguzi uuzaji husimamishwa kwa saa 48 hadi upigaji kura umalizike.

Kuhusu desturi, familia nyingi huona ni utovu wa adabu kijana kushika glasi mbele ya baba yake, na mwenyeji asiyekunywa kwa sababu ya dini hapaswi kushawishiwa. Baa ndogo za mitaani huwa zimejaa wanaume pekee, hivyo dada zetu wengi huona afadhali za hotelini. Kerala ni tofauti kidogo: vilabu vya tembo la mnazi huuza pia samaki wa pilipili, na mtu wa Pwani hatajiona mgeni sana.

Ombi langu kwa mawakala ni dogo: katika bahasha ya viza na tiketi waongeze ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaoeleza sheria ya jimbo husika, umri unaoruhusiwa, siku za marufuku na namna ya kuomba kibali.

Msomaji wako,
Tanga