Kompyuta za msaada zije na fundi wake

Mhariri,

Habari za mashirika yasiyo ya faida yanayopeleka kompyuta mashuleni na maktabani huandikwa siku moja tu, siku ya makabidhiano. Maboksi hupigwa picha, idadi hutajwa, mgeni rasmi hutoa hotuba, basi. Naomba magazeti yaongeze swali moja: miaka mitatu baadaye, ni kompyuta ngapi bado zinawaka, na zikizima nani anazitengeneza?

Mimi ni fundi wa kujitolea katika shirika la aina hiyo. Tunapokea kompyuta zilizoondolewa maofisini, tunafuta data, tunabadilisha vipuri vilivyochoka, kisha tunazigawa. Naipenda kazi hii, na sipendi barua hii isomwe kama ya kuyapiga vita mashirika haya. Mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilikadiria kwamba watu bilioni 2.6 duniani hawatumii intaneti. Biashara peke yake haijawafikia, na wengine haitawafikia karibuni.

Tatizo liko kwenye kile tunachokubali kukilipia. Nitoe mfano wa kitu kidogo kabisa. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ya duara, ukubwa wake kama sarafu, inayotunza saa na tarehe wakati mashine imezimwa. Betri hiyo ikifa, kila ukiwasha kompyuta tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Kivinjari kinapokagua vyeti vya usalama vya tovuti kinaona tarehe haziendani, kinakataa kufungua ukurasa. Mwalimu anaamini intaneti imekatika. Anasubiri wiki, anasubiri muhula, mwishowe chumba kinafungwa na funguo inakwenda kwa mkuu wa shule. Nimefungua vyumba vya namna hiyo, mashine zimefunikwa vitambaa vizuri kabisa, na ndani yake hakuna kilichoharibika zaidi ya betri hiyo, ambayo kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Pengine hata betri ni nzima, ila nenosiri la msimamizi lilijulikana na mwalimu mmoja tu, naye amehamishwa.

Mfadhili aliyetoa kompyuta arobaini kwa furaha mara nyingi hukunja uso akiombwa mshahara wa fundi mmoja. Fundi hapigwi picha.

Haya hayakuanza leo. Januari 2005, mjini Davos, Uswisi, Nicholas Negroponte wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alitangaza mradi wa One Laptop per Child: kompyuta mpakato ya dola 100 kwa kila mtoto. Uzalishaji ulipoanza mwishoni mwa 2007 bei ilikuwa karibu dola 200, lakini bei haikuwa kasoro kubwa zaidi. Peru ilinunua zaidi ya 800,000. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika ilitoa matokeo ya utafiti katika shule 319 za msingi za vijijini nchini humo: kompyuta ziliongezeka kweli, ila alama za hisabati na lugha hazikupishana na za shule ambazo hazikupewa. Kulikuwa na dalili za nafuu katika uwezo wa jumla wa kufikiri, na ni haki kulisema hilo. Hata hivyo shule nyingi hazikuwa na intaneti, na walimu hawakupewa mafunzo ya kutosha ya kuziingiza kompyuta hizo katika masomo.

Uruguay ilianza na kompyuta zilezile mwaka 2007, na kufikia 2009 kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma alikuwa na yake. Huko iliundwa taasisi ya kudumu, Ceibal, ikavuta intaneti mashuleni na kuandaa utaratibu wa matengenezo. Najua nchi hiyo ni ndogo na serikali ilibeba gharama. Bado nadhani tofauti yake na Peru iko hapo.

Wapo waliofanya vizuri bila kuwa serikali. Free Geek ya Portland, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2000, iliweka utaratibu ninaouheshimu sana: aliyekuja kujitolea alifundishwa kufungua mashine, kupima vipuri na kuiunganisha upya, na akitimiza kazi yake aliondoka na kompyuta. Mtu huyo kompyuta ikimgomea nyumbani hatafuti mtu wa kumwokoa. Shirika la Learning Equality wanatoa Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, na Kiwix wanawezesha kusoma Wikipedia nzima bila intaneti. Kompyuta moja inabeba masomo, zilizobaki chumbani zinasoma kutoka kwake. Na NV Access ya Australia wanatoa bure NVDA, programu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona kile kilichopo kwenye skrini. Tunapokagua kompyuta za msaada, ni nadra sana kukuta programu hiyo imewekwa, ilhali kuiweka hakuongezi gharama hata kidogo. Linaniuma.

Naandika sasa kwa sababu wimbi kubwa la kompyuta linakuja. Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi za maofisini, tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi ambazo bado ni nzima hazitimizi masharti ya Windows 11. Maofisi yatazitoa kwa wingi. Zikiwekewa Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta unaopatikana bure, nyingi zitafanya kazi miaka mingine kadhaa. Zikisafirishwa ovyo, zitaangukia kwenye taka za kielektroniki, ambazo mwaka 2022 zilifikia tani milioni 62 duniani, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kumpelekea mtu taka zako ukaziita msaada ni kumdhulumu.

Basi kampuni inayotaka kutoa itoe kompyuta pamoja na chaja zake, data ikiwa imefutwa, na juu yake fungu la vipuri na fundi kwa miaka mitatu. Ikishindwa kulipia vyote, itoe kompyuta chache. Mashirika yetu nayo yaache kutangaza idadi ya zilizogawiwa bila kutaja idadi ya zinazofanya kazi, na yawe na ujasiri wa kukataa shehena ya mashine zilizokufa hata kama mtoaji ni rafiki. Nawe Mhariri, mwandishi wako akialikwa kwenye makabidhiano, achukue jina la shule na aandike kwenye shajara yake siku ya kurudi.

Fundi wa kompyuta wa kujitolea