Barua kwa mwanangu: wale nisiowajua

Kibera, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku tu wazima. Mjomba wako amepona kikohozi, na mvua imeanza kupiga mabati kila jioni. Karo nimekutumia elfu sita Ijumaa. Iliyobaki ninaitafuta, usikose usingizi kwa ajili yake.

Lile neno ulilolisema siku ya kuondoka nimekaa nalo. Ulinikuta nimepiga magoti nikiwaombea watu wa Sudan, ukasimama mlangoni na begi mgongoni, ukaniambia, "Mama, Khartoum inakuhusu kuliko karo yangu?" Sikukujibu. Matatu ilikuwa inangoja, na neno lenyewe lilikuwa limenichoma. Leo nakujibu.

Unajua mjomba wako ana jicho moja, na unajua ni la bomu la 1998. Nilivyoomba siku zile sijawahi kukuambia.

Ilikuwa Ijumaa, Agosti 7, asubuhi. Mimi nilikuwa na miaka 19, nauza mitumba Gikomba. Yeye alikuwa tarishi katika ofisi moja karibu na Haile Selassie Avenue. Kwanza ulisikika mlipuko mdogo, watu wakakimbilia madirishani waone kuna nini. Wakiwa pale vioo viko mbele ya nyuso zao, likalipuka lile kubwa nje ya ubalozi wa Marekani. Ndiyo maana wengi walionusurika siku ile waliumia macho. Hapa Nairobi walikufa zaidi ya watu 200, maelfu wakaumia, na jengo la Ufundi likaporomoka.

Simu ya mkononi nani alikuwa nayo? Tulimtafuta kwa miguu, hospitali baada ya hospitali, tukisoma orodha za majina. Jumamosi mimi na nyanya yako tukafika mochari ya jiji. Njia nzima nilikuwa na ombi moja mdomoni: "Mungu, asiwe yeye."

Mhudumu akafunua shuka. Kijana wa rika lake, shati la bluu kama lile alilotoka nalo nyumbani. Nikainama nikamtazama vizuri. Si yeye. Nikasema kwa sauti, "Asante Yesu!"

Nyuma yangu alikuwa amesimama mama mmoja aliyejifunga leso ya kijani. Alikuwa mwanawe.

Sijui kama umewahi kusikia sauti yako mwenyewe ukatamani kuirudisha kinywani. Papo hapo nikaelewa nilichokuwa nikikiomba tangu jana yake. Miili ilikuwa imekwisha kulazwa pale. "Asiwe yeye" ilimaanisha awe wa mwingine, na huyo mwingine alikuwa amesimama hapo akinisikia nikishukuru.

Yule mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akanishika mkono, akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia, kaka yangu. Akaniuliza jina lake. Akafumba macho, akamwombea mjomba wako kwa jina, mkono wake wa pili ukiwa bado juu ya kifua cha mwanawe. Hakuomba chochote chake. Mimi nilishindwa hata kuitikia amina.

Mjomba wako tulimpata Jumatatu, hospitali ya Kenyatta, kichwa kizima kimefungwa bendeji. Sisemi kwamba ni ombi la yule mama lililomwokoa. Wangapi waliombewa kwa machozi na hawakurudi? Wiki hiyohiyo nchi nzima ilikuwa ikimwombea Rose Wanjiku, aliyekuwa amefukiwa chini ya kifusi cha Ufundi, akizungumza na waokoaji kutoka gizani. Watu wasiowahi kumwona walikaa kando ya redio wakimsubiri. Alikufa kabla hawajamfikia. Utaniuliza, basi maombi yale yalifaa nini? Jibu la kukutosha sina, mwanangu, na nimelitafuta miaka mingi. Lakini kumbuka uchaguzi wa 1997 ulikuwa umetuacha tukitazamana kwa makabila. Wiki ile, mtu wa Karen na mtu wa Kariobangi, Mwislamu wa Eastleigh na Mkristo wa Kibera, sote tulikuwa na mgonjwa mmoja.

Ibrahimu wa kwenye Biblia naye, mimi humfikiria sana. Aliuombea mji wa Sodoma usiangamizwe, akishuka kutoka wenye haki 50 hadi 10. Lutu, mtoto wa ndugu yake, alikuwa anaishi humo, na bila shaka moyo ulikuwa kwake, lakini katika ombi lile lote hakumtaja hata mara moja. Aliuombea mji. Mimi pale mochari nilikuwa na Lutu wangu tu.

Ndiyo maana makesha ya "maadui zangu waanguke, mimi niinuliwe" yamenishinda. Nikiyasikia, naisikia sauti yangu ya siku ile.

Sasa hiyo Khartoum yako. Kuna kijana Msudani hunywa chai kwangu. Alikimbia baada ya vita kuanza, Aprili 15, 2023. Aliniambia kwamba kule kwao kuna wanawake wanaouza chai barabarani kama mimi, jiko la makaa, birika, viti vifupi vya wateja, na kwamba wengi wao walikuwa wamefika mjini wakikimbia vita vya Darfur. Sasa wamekimbia tena. Redio ikisema waliohama makwao wamepita milioni 10, moyo wangu unakufa ganzi, kwa maana milioni sijui kuziombea. Lakini mwanamke mmoja aliyeacha birika likichemka akabeba watoto, huyo namjua. Namwombea maji. Naiombea miguu ya watoto wake. Namwombea apate makaa mahali alipo, na mtu wa kumnunulia kikombe cha kwanza.

Na ambulensi zikipita kwenda Kenyatta, mimi huacha kumimina chai. "Mungu, aliyelala humo unamjua, na aliyemshika mkono pia." Wateja wamezoea, husubiri.

Usidhani naishia magotini. Mafuriko ya 2024 yalipowatoa watu makwao Mathare, wanawake wa kanisa letu tulibeba unga na blanketi tukaenda.

Karo yako naiombea pia, mama. Naiombea nikiwasha jiko, nikihesabu chenji, nikigeuka kitandani. Inatoka yenyewe, sihitaji kujikumbusha, kwa sababu wewe ni damu yangu na damu hujililia. Yule wa birika nisipomkusudia, haji moyoni mwangu kwa hiari yake. Ndiyo maana ulinikuta nimepiga magoti.

Ukija likizo nataka twende pamoja pale bustani ya ukumbusho, penye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, ulipokuwa ubalozi. Kuna ukuta wenye majina ya waliokufa. Mimi huenda kila Agosti nikipata nafasi. Yule kijana wa shati la bluu sikujua jina lake, na mamake sikumuuliza lake. Kwa hiyo huanza juu, nikayasoma yote mpaka la mwisho.

Mamako