Kesi ya samaki

Dublin, Jumapili usiku

Shoga yangu Salma,

Hujambo? Najua umeninunia. Miezi minne kimya, na harusi ya Zuhura nimeiona pichani tu. Nisamehe, mwenzio Ijumaa nasimama mbele ya darasa kueleza wasomi wa kale walivyosaka asili ya Kiairishi, lugha ya asili ya huku Ayalandi, na kuna mtu kanikalia kooni.

Si wale watawa wa zamani wa Ayalandi na hadithi yao ya Fénius Farsaid, msomi wa ngano, eti baada ya mnara wa Babeli Kiairishi kiliundwa kwa kuchagua kilicho bora katika kila lugha. Hiyo sawa, nani hasifu chake?

Ni Charles Vallancey, mhandisi wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1772 alichapisha kitabu akikilinganisha Kiairishi na lugha ya Karthago, ule mji wa kale wa Afrika Kaskazini. Kuna mchezo wa kuigiza wa Plautus, Mrumi wa kale, ambamo mtu wa Karthago anasema kwa lugha yake. Bwana Vallancey akayasoma maneno yale kama Kiairishi! Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikamkumbuka Mjomba Kassim pale barazani: kitabu, safari, dunia, basi Kiswahili ni Kiarabu. Ukimtajia moja, mbili, tatu, anaomba kahawa.

Kinachoniudhi, njia ilishaonyeshwa. Edward Lhuyd wa Wales alikuwa amezunguka Ayalandi, na mwaka 1707 akachapisha Kiairishi na ndugu zake, Kiwelshi, Kikornishi na Kibretoni, bega kwa bega, neno kwa neno. Vallancey yeye akaenda na sikio. Sasa chukua samaki: Kilatini ni piscis, Kiairishi iasc. Ukisikia utasema hata hawajuani, kumbe damu moja! Kiairishi kiliidondosha ile p ya kale. Baba naye hivyohivyo: pater kule, athair huku. Zeuss, Mjerumani, ndiye aliyekuja kuiweka sarufi ya Kiairishi cha kale sawa mwaka 1853, akichambua vijineno ambavyo watawa wa Ayalandi waliandika katikati ya mistari ya vitabu vya Kilatini. Macho yake sijui yalikuwaje.

Lakini Vallancey… alikuwa pia mmoja wa waanzilishi wa Royal Irish Academy, chama cha wasomi wa Ayalandi, 1785. Nikimcheka sana naona haya.

Ungekuwa wewe ungemcheka? Ile rekodi ya Mjomba akibishana na Mwalimu Hamza unayo bado? Atakubali niwasikilizishe wenzangu, au atanidai kahawa? Na Zuhura, kweli alilia wakati wa kuagwa?

Wako,
Mwanaidi