Neema, usiahirishe Firenze

Bologna, Jumanne usiku

Neema wangu,

Habari za huko Munich? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila baridi inaninyoosha. Mama Gift nimeshamjibu, usihangaike.

Sasa hili la kuahirisha safari eti Firenze huku Italia ni mji wa matajiri, nani kakutia maneno hayo? Au ni Joyce tena? Makumbusho ya Uffizi ni ghali, sikatai. Lakini Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali hayana kiingilio, Uffizi na Accademia zikiwemo. Foleni yake sasa, weee! Na Jumatatu usithubutu, zote mbili zimefungwa.

Ila mimi nisingekuanzishia huko. Ningekupeleka Santa Trinita. Ni kanisa, unaingia bure, ila mchana hulifunga kwa saa kadhaa, kwa hiyo twende asubuhi. Mbele, mkono wa kulia, kuna kikanisa cha Francesco Sassetti, meneja wa benki ya akina Medici. Alimpa mchoraji Ghirlandaio kazi ya kuchora kuta zake miaka ya 1480. Mle ndani giza totoro, taa haiwaki mpaka utumbukize sarafu kwenye kisanduku, na haikawii kuzima. Dawa ni kusimama kando kama unasali, ukingoja mtalii mwingine atoe yake. Dhambi hiyo niandikie mimi.

Ikiwaka, tazama hapo katikati: mtoto kaanguka dirishani, Fransisko wa Assisi anamfufua. Na uwanja wenyewe ni huohuo uliokatiza sasa hivi kuingia kanisani! Picha ya juu yake ni uwanja wa Piazza della Signoria, na Sassetti kajichoresha ubavuni mwa Lorenzo de' Medici, bosi wake. Kujipendekeza hakukuanza leo, mwambie yule mwenzako wa ofisini.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu mpaka Piazza della Signoria yenyewe. Sanamu ya Perseus ya Cellini iko pale Loggia dei Lanzi, baraza la wazi, kashika kichwa cha Medusa, hakuna anayekudai hata senti. Sanamu ya Daudi ya nje ni nakala, iliwekwa 1910. Ile ya Michelangelo mwenyewe waliihamishia Accademia mwaka 1873. Beba chupa, pale uwanjani kuna bomba la maji ya bure, hata ya gesi yapo.

Kula? Lampredotto: tumbo la nne la ng'ombe, linachemshwa mpaka linalainika, linakatwakatwa na kutiwa kwenye mkate uliochovywa supu. Wewe na utumbo nawajua! Kahawa kunywa umesimama kaunta, ukikaa mezani bei inapanda.

Kulala ni kwangu, godoro lipo. Asubuhi tunapanda treni ya kawaida, ya mwendo kasi tuwaachie wenye nazo. Ila Santa Trinita tusiikose, hata mvua inyeshe.

Basi niambie: likizo yako wameshaipitisha? Unakuja kwa basi la usiku au bado unaliogopa? Na Joyce naye anakuja, au maneno tu? Viatu vya kutembelea unavyo? Na ule unga wa ugali niliokuagiza, umeupata au ndiyo umeshaula?

Wako,
Upendo