Halima, Shika Kwanza Hiyo Pesa

Kampala, Jumapili jioni

Halima wangu,

Salamu dada, watoto hawajambo? Mama je, mguu umepoa? Huku sokoni Kalerwe mvua imetuchosha, jana mfereji umefurika mpaka kwenye vibanda vya nyanya lakini watu wanauza tu, unaruka maji unanunua. Ile sauti uliyonituma nimeisikiliza mara tatu maana hayo malori ya mpakani kwenu Busia yanapiga honi kama yamelipwa, mwisho ndo nikaelewa kuna mtu amekuletea vidonge vya kung'arisha ngozi, glutathioni, chupa 150,000, na unataka kujua kama ni vya kweli au anakula pesa yako.

Dada, shika kwanza hiyo pesa. Glutathioni ni antioksidanti kweli, yaani kitu kinachokinga seli zisiharibike, hapo hajadanganya, lakini mwili wako unajitengenezea wenyewe kila siku bila kulipa mtu, na ukiimeza kidonge sehemu kubwa inavunjwavunjwa tumboni huko huko. Alafu mimi naongea kama mtu aliyeungua. Si unakumbuka harusi ya Shamim na ile krimu yangu ya kopo lisilo na lebo? Wiki tatu nilikuwa bibi harusi kuliko bibi harusi mwenyewe, baadaye mashavu yakaanza kuwasha, vimishipa vyekundu vikajichora usoni, na viungo vya vidole vikabaki vyeusi ti. Daktari akaniambia nyingi zile zina steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, zingine zebaki ambayo haiishii usoni, inaenda mpaka kwenye figo. Nilipoacha nikawa mbaya zaidi kwanza, miezi nilikuwa natembea na mtandio mpaka machoni. Kwa hiyo sitakudanganya eti mboga ndo zilinitengeneza, nusu ya kupona kwangu ni kuacha tu ule uchafu. Ile nusu nyingine ndo nataka kukwambia.

Si unaona ovakado ukiikata ukaiacha mezani inakuwa nyeusi, ila ukiipaka limau inachelewa? Ngozi nayo jua linaipiga, moshi wa takisi na wa mkaa unaipiga, kunakuwa na zile chembe korofi zinazoharibu seli kidogo kidogo, na antioksidanti za chakula ndo limau lenyewe. Hiyo vitamini C inafanya na kazi nyingine, bila yenyewe mwili hautengenezi kolajeni vizuri, yaani ile inayoshika ngozi isilegee. Na hapa banange ndo tunajichekesha, tunatafuta machungwa ya kutoka nje na mapera yanaozea chini ya miti! Pera lina vitamini C kama mara 4 ya chungwa. Mwanamke anahitaji miligramu 75 hivi kwa siku, pera moja zuri limemaliza, la kesho ni la kesho.

Sasa dodo na nakati, hizi mboga zetu za majani (dodo ni mchicha, sio embe). Mimi nilikuwa nachemsha mpaka maji yanakuwa ya kijani alafu namwaga, kumbe namwaga vitamini C na kubaki na nyasi. Jjajja mmoja, bibi mzee hapa jirani, ndo alinitoa ushamba: anaosha dodo, anakatakata, anaikunja kwenye jani la mgomba na chumvi na nyanya kidogo, anaweka kifurushi juu ya matoke yanayoiva kwa mvuke. Matoke yakikaribia ndo anaweka, sio mwanzo. Ukifungua lile jani, harufu yake Halima, hata bila nyama utakula. Alafu anamwagia binyebwa, mchuzi wa karanga, juu, na hapo bila kujua amefanya la maana kabisa kwa sababu karotini ya mboga, ile mwili unayoigeuza vitamini A, haiingii mwilini vizuri bila mafuta, na karanga zenyewe zina vitamini E. Nyanya pia usiogope kuzikaanga, ile rangi yake nyekundu, laikopini, mwili unaichukua vizuri ikishapikwa na mafuta. Kuna Wajerumani mwaka 2001 walilishwa nyanya ya kopo gramu 40 kila siku na mafuta ya zaituni (eeh, jina langu), baada ya wiki 10 ngozi yao ilikuwa inawiva nyekundu kidogo tu na mwanga wa jua kuliko ya wenzao, kama asilimia 40 chini. Lakini walikuwa watu wachache, na hakuna aliyesema utupe mwavuli, kwa hiyo saa sita mchana jifunike.

Ila usifanye nilivyofanya mimi. Nilipenda vile viazi vitamu vya ndani rangi ya karoti, wanaviita Kabode, vimetoka 2007, na Mganda mwenzetu Robert Mwanga alikuwa kati ya wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani 2016 kwa kazi za namna hiyo. Basi mimi nikawa asubuhi viazi, mchana boga, jioni juisi ya karoti, kila siku, karibu miezi miwili. Siku moja nahesabu chenji kwenye duka, naona viganja vya mikono vya njano kama nimeshika bizari. Nikajua ini limekwisha. Nikakimbia kliniki nalia, nesi akanivuta kope la chini, akaangalia, akauliza "umekula nini?" Nikamtajia, akacheka mpaka akakaa. Kumbe ni karotini ya vyakula hivyo imejaa kwenye ngozi, ingekuwa manjano ya ini macho yangebadilika pia, yangu yalikuwa meupe pee. Nikapunguza, rangi ikatoka pole pole yenyewe.

Sasa hiyo ilikuwa chakula, imeishia kwenye kicheko. Vidonge ni habari nyingine. Finland walijaribu kuwapa wavutaji sigara vidonge vya beta-karotini, majibu yakatoka 1994, saratani ya mapafu ikaongezeka badala ya kupungua. Mwambie hivyo mzee wako, najua bado anavuta na najua atataka kuonja chupa yako.

Ukianza kula hivi usijiangalie kwenye kioo kila asubuhi, ngozi inajibadilisha kwa kama mwezi na zaidi, mimi niliona tofauti baada ya miezi kama mitatu hivi na aliyeniambia ni konda wa takisi, sio kioo. Na madoa ya vidole bado yapo, sikufichi.

Ijumaa kuna gari ya jirani inakuja huko Busia, nitakutumia mapera mfuko mmoja na mbegu za dodo uzipande pale nyuma ya jikoni. Wewe nirudishie lile boksi langu la mayai, nimekudai tangu Idi.

Wako,
Zaitun