Shoga, nimeshikwa na daftari langu mwenyewe

Jambiani, Jumanne usiku

Shoga yangu Raya,

Assalaam alaykum. Sie wazima, watoto wazima, bibi na magoti yake yale yale. Najua nimekaa kimya tangu Idi. Tukana, lakini soma kwanza.

Yamenikuta. Yule mkorogaji wangu wa sabuni, unamjua, kaondoka. Alhamisi kavua glavu, kaziweka juu ya meza, kanambia, "Haya, mwenyewe," akaenda zake. Na hoteli inataka sabuni za mwani mia mbili mwezi ujao, na sabuni ikishakatwa yataka wiki nne kukauka. Hesabu mwenyewe.

Chanzo pesa. Masika, wageni hakuna, hatuuzi kitu, alinijia mwanawe anaumwa, akaomba nimpe nusu ya mshahara kabla ya mwisho wa mwezi. Nikamjibu kwa sauti yangu ile ya mwalimu mkuu unayoichekaga, kuwa hapa petu hakopeshwi mtu. Akaitikia, akarudi kwenye sufuria yake. Basi wiki iliyopita kafungua daftari kutafuta hesabu ya kostiki, kakuta mwandiko wangu: mtoto wa dada, elfu themanini, tarehe ile ile. Si mwezi ule ule, Raya. Tarehe ile ile!

Na mtoto wa dada alitaka nini? Kioo cha simu.

Usinambie kitu, najua. Lakini dada ndiye aliyenikopesha pesa za mashine ya kusagia mwani, nami sijamaliza kulipa. Ningemnyima vipi mwanawe? Ndiyo maana pia nilimkalisha dukani kwenye feni, anazungumza na wageni na bakshishi anatia mfukoni, wenzake huku nyuma wanakohoa moshi wa kostiki. Nilidhani hawaoni. Kumbe wanaona mpaka idadi ya noti.

Yule bibi mkorogaji hata kabla ya kuondoka hakusema neno, alivaa. Jumatatu kaja na kanga "Mso hili ana lile". Jumanne mtoto wa dada naye, ulimi hana ila kanga anazo, kaja na "Sina siri nina jibu". Wiki nzima nasoma migongo ya watu. Ningecheka kama si yangu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mama zetu wamelima mwani hapa tangu ulipoanza 1989, na lawama yao siku zote ni ile ile: bei anapanga mnunuzi, mkulima anaambiwa tu. Mie nilianza sabuni kwa kuikimbia hiyo. Leo nani anayepanga peke yake, tena gizani?

Unakumbuka tulivyokuwa tunachuma karafuu kwenu Wete, Pemba? Jioni kila mtu anamwaga zake, makonyo, vile vijiti vyake, yameshatolewa, pishi ya kupimia inajazwa mbele ya macho yetu sote. Hata yule babu mkorofi hakuweza kuibana pishi, maana watoto kumi walikuwa wanahesabu kwa sauti. Mie sina pishi. Nina daftari, nalo nalifungia kabatini.

Na jana mwengine, mpole kabisa, kaniuliza, "Dada, na ZSSF je?" Mfuko huo wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar upo tangu 1998, nami kila mwaka nasema msimu ukikaa sawa nitawaandikisha. Nikajifanya simu inaita.

Sasa niambie. Wewe ulipokuwa unashika hesabu za ushirika, ndugu wa mwenyekiti akiomba mlimjibu nini? Nimfuate yule bibi kwao mwenyewe, au nitangulize mtu mzima? Nikimwomba radhi mbele ya wenzake, si nitakuwa nimemuaibisha mtoto wa dada, na dada akanidai pesa zake kesho asubuhi? Bakshishi zikitiwa kwenye kopo zigawiwe Ijumaa, mkorogaji na muuzaji wapate sawa? Au muuzaji azidi kidogo kwa kuwa ana Kiingereza? Na unaweza kuja japo siku mbili, ukae nasi kwenye jamvi? Nauli ya boti juu yangu, halua juu yako.

Kijana anayekuletea barua anashuka bandarini Mkoani kesho. Ndani ya mfuko mna sabuni tatu za mdalasini, moja ya mama. Ni za mkono wa yule bibi, za mwisho nilizobaki nazo.

Wako,
Time